Jinsi ya kuomba muda zaidi wa kuwasilisha ritani ya kodi Marekani

Ritani ya kodi ya mapato ya Marekani mwisho wake ni 15 Aprili. Tarehe hiyo ikiangukia wikiendi au sikukuu ya serikali, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kila mwaka huwakuta watu wengi na karatasi nusu nusu. W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi iliyokatwa) ya kazi waliyoacha imetumwa kwenye anwani ya zamani, 1099 (karatasi ya mapato yasiyo ya mshahara) ina kiasi kisicho sahihi, 1095-A ya bima ya afya haionekani, au mtoto aliyefika majuzi bado hana namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii.

Kwa hali kama hizo kuna Fomu 4868. Ukiituma IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, kabla ya tarehe ya mwisho unapata miezi sita zaidi, yaani hadi 15 Oktoba. Haina ada na wala haikuulizi sababu. Huhitaji kueleza kwamba ulikuwa mgonjwa, ulifiwa au umehamia jimbo jingine. Pia usikae ukisubiri barua ya posta ya kukubaliwa, kwa sababu kwa kawaida IRS hawakuandikii ila wakikataa ombi.

Jambo moja ndilo linalowagharimu watu, na ni afadhali lisemwe mapema: muda unaoongezwa ni wa kuwasilisha ritani, sio wa kulipa. Kama unadaiwa, deni lako linabaki kuwa la 15 Aprili hata kama ritani yenyewe utaipeleka Oktoba.

Kwa nini uombe hata kama huna senti

Wengi wakishajua hilo hujiambia, "Kama pesa zenyewe sina, nyongeza ya nini?" Hesabu yake ni hii. Kuna adhabu mbili tofauti, na hazilingani hata kidogo. Anayechelewa kuwasilisha ritani hutozwa asilimia 5 ya kodi anayodaiwa kwa kila mwezi, na sehemu ya mwezi huhesabiwa kuwa mwezi mzima, hadi kufikia asilimia 25. Anayechelewa kulipa hutozwa asilimia 0.5 kwa mwezi. Zikikutana katika mwezi mmoja, ile ya kwanza hupunguzwa hadi 4.5 ili jumla iwe 5. Juu ya hapo kuna riba, ambayo mwaka 2025 ilikuwa asilimia 7 kwa mwaka.

Chukua mtu anayedaiwa dola 3,000 ambaye hakuomba nyongeza, akawasilisha na kulipa yote 10 Agosti. Hiyo ni miezi minne kwa hesabu ya IRS. Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ni dola 540, ya kuchelewa kulipa ni 60, na riba ni kama 68. Mwenzake mwenye deni lile lile, aliyelipa siku ile ile lakini aliyetuma Fomu 4868 mwezi wa nne, anatoa 60 na riba, basi. Zile 540 hazimhusu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ukichelewa kuwasilisha kwa zaidi ya siku 60 kuna pia kiwango cha chini cha adhabu. Kwa ritani zilizotakiwa mwaka 2025 kilikuwa dola 510 au kodi yote unayodaiwa, ipi iliyo ndogo. Kwa hiyo hata mwenye deni la dola 400 tu anaweza kujikuta linageuka 800.

Kwa maoni yangu, anayeogopa deni ndiye anayehitaji fomu hii kuliko wote, na ndiye anayeikimbia.

Lakini pima kwanza kama unaihitaji

Kama karatasi zako zote zimekamilika na tatizo ni pesa tu, usiombe nyongeza. Wasilisha ritani kwa wakati, lipa unachoweza, kisha omba kulipa kidogo kidogo kupitia tovuti ya IRS. Aliyewasilisha kwa wakati na kukubaliwa mpango wa malipo ya kila mwezi hushushiwa adhabu ya kuchelewa kulipa hadi asilimia 0.25 kwa mwezi. Kuomba nyongeza hapo ni kuahirisha tu kazi ambayo ungeimaliza leo.

Kama una uhakika kwamba ni wewe utakayerudishiwa pesa, adhabu ya kuchelewa haikuhusu, maana inahesabiwa juu ya kodi isiyolipwa. Hata hivyo uhakika huo uwe wa kweli, usiwe wa "mwaka jana walinirudishia". Kwa sababu fomu yenyewe inachukua dakika chache, mimi ningeituma hata kwa shaka ndogo. Pesa za kurudishiwa nazo zina mwisho wake: usipowasilisha ritani ndani ya miaka mitatu tangu tarehe iliyopaswa, zinabaki za serikali.

Wako pia watu ambao nyongeza huwaletea faida ambayo hawakuitarajia, nao ni wazazi wanaosubiri namba ya mtoto. Ili udai punguzo la kodi la mtoto, namba yake ya Social Security lazima iwe imetolewa kabla ya tarehe ya mwisho ya ritani, na muda wa nyongeza unahesabiwa humo. Familia iliyofika mwishoni mwa mwaka, kadi ya mtoto ikatoka mwezi wa saba, inaweza kupoteza punguzo hilo au kulipata kwa sababu tu ya kutuma au kutotuma Fomu 4868 mwezi wa nne.

Hatua ya 1: Kadiria kodi yako

Hapa ndipo penye kazi. IRS wanataka makadirio ya kweli kulingana na taarifa ulizonazo, na wakiona ulibandika sifuri bila msingi wanaweza kuifuta nyongeza yako. Hawatazamii upatie hadi senti.

Anzia kwenye ritani ya mwaka uliopita. Katika Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, mstari wa 24 una jumla ya kodi, na mstari wa 33 una jumla ya ulichokwishalipa. Kama kazi ni ile ile, mshahara haujabadilika sana na familia ni ile ile, mstari wa 24 wa mwaka jana ni mwanzo mzuri. Kisha tafuta kilichokwishakatwa mwaka huu. Kwenye W-2 ni kisanduku cha 2. Kama W-2 haijafika, stabu ya mwisho ya mshahara ya mwezi Desemba huonyesha jumla ya kodi ya serikali kuu iliyokatwa mwaka mzima. Toa kilichokatwa kwenye kodi uliyokadiria, na kinachobaki ndicho unachodaiwa.

Mwenye 1099 lazima akae vizuri zaidi na kalamu. Dereva wa lori wa mkataba, anayeendesha Uber, au anayesuka nywele kwa kujitegemea hana mtu wa kumkatia kodi, na juu ya kodi ya mapato anatozwa ile ya waliojiajiri, asilimia 15.3. Inahesabiwa juu ya asilimia 92.35 ya faida, yaani mapato baada ya kuondoa mafuta, matengenezo, bima na gharama nyingine za kazi. Mwenye faida ya dola 30,000 ana karibu dola 4,240 za kodi hiyo peke yake, kabla kodi ya mapato haijaguswa. Wengi waliotoka kwenye kuajiriwa na kuingia 1099 hawaioni hadi imewafikia. Ukiwa huna uhakika, kadiria juu kidogo, kwa kuwa kilichozidi utarudishiwa au kitahamishiwa mwaka unaofuata.

Lengo zuri ni kuwa umelipa angalau asilimia 90 ya kodi yako yote kufikia 15 Aprili, ukijumlisha iliyokatwa kwenye mshahara, malipo ya kila robo mwaka na unayotuma pamoja na ombi la nyongeza. Ukifika hapo, kisha ukalipa salio siku unayowasilisha ritani, adhabu ya kuchelewa kulipa haikugusi. Itabaki riba tu ya hicho kidogo kilichosalia.

Hatua ya 2: Tuma ombi

Njia iliyo rahisi kuliko zote haina hata fomu. Ukilipa sehemu ya deni mtandaoni na kuonyesha kwamba malipo ni ya nyongeza ya muda, IRS wanayahesabu malipo hayo kuwa ndiyo ombi. Fungua Direct Pay kwenye irs.gov. Pesa zinatoka moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, bila ada na bila kujisajili. Kwenye sababu ya malipo chagua "Extension", kisha Fomu 4868, kisha mwaka wa kodi.

Hapo kwenye mwaka ndipo watu hujikwaa. Mwaka unaotakiwa ni ule uliopata mapato, sio huu unaokaa mbele ya kompyuta. Anayelipa Aprili 2026 kwa mapato ya 2025 anachagua 2025. Ukikosea, pesa zitakaa kwenye mwaka usio wake, na nyongeza hutakuwa nayo hadi umpate mtu wa kuzihamisha. Direct Pay itataka pia kukuhakiki kwa taarifa za ritani ya zamani, kama jina, anwani na hali ya ndoa ulivyoziandika mwaka ule, kwa hiyo iwe karibu. Kadi ya benki inakubaliwa pia kupitia kampuni za malipo, ila hizo hutoza ada yake.

Kama hulipi chochote, tumia Free File, huduma ya kuwasilisha bure iliyo kwenye tovuti hiyo hiyo. Ritani ya bure ina kikomo cha kipato, lakini ombi la nyongeza kupitia Free File ni bure kwa kila mtu, hata mwenye mshahara mkubwa. Programu za kulipia na watayarishaji wa ritani nao wanaweza kukutumia. Ukimpa mtu kazi hiyo, mwambie akupe uthibitisho kwamba IRS wameipokea. "Nimeshatuma, usijali" haitoshi, maana jina lililo kwenye adhabu ni lako.

Njia ya tatu ni posta. Bado inafanya kazi na wengine huiamini zaidi.

Hatua ya 3: Kujaza fomu ya karatasi

Fomu 4868 ni kipande kidogo tu cha ukurasa. Mstari wa 1 ni jina na anwani, wa 2 ni namba yako ya Social Security, na wa 3 ni ya mwenzi wako kama mtawasilisha ritani ya pamoja. Mnaojaza pamoja mnatuma fomu moja. Asiye na namba ya Social Security anaandika ITIN yake (namba ya mlipakodi inayotolewa na IRS), na ambaye bado anaiombea ITIN kwa Fomu W-7 anaandika "ITIN TO BE REQUESTED" mahali pa namba.

Mstari wa 4 ni kodi yote uliyokadiria, wa 5 ni ulichokwishalipa, wa 6 ni tofauti yake, na wa 7 ni kiasi unachotuma sasa. Mstari wa 7 unaweza kuwa mdogo kuliko wa 6, unaweza hata kuwa sifuri. Usiuongopee mstari wa 4 ili wa 6 upungue. Mstari wa 8 ni wa raia na wakazi walio nje ya nchi, nitaurudia chini. Wa 9 ni wa wanaojaza 1040-NR (ritani ya wasio wakazi) ambao hawakupata mshahara wa kukatwa kodi Marekani, na wengi wenu utawapita.

Ukiambatisha hundi, iandike kwa "United States Treasury", na juu yake uweke namba yako ya Social Security, mwaka wa kodi na maneno "Form 4868". Usitie pesa taslimu kwenye bahasha. Anwani ya kutuma inategemea jimbo unaloishi na kama umeambatisha malipo au la. Zote zimeorodheshwa kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu, na haifai kunakili anwani aliyoitumia rafiki yako wa jimbo jingine.

Kinachohesabiwa ni muhuri wa posta, sio siku bahasha inapofika. Ukituma siku ya mwisho, usiitumbukize kwenye sanduku la mtaani jioni. Nenda dirishani, tuma kwa rejista, na uondoke na stakabadhi yenye tarehe.

Hatua ya 4: Weka ushahidi

Ukituma mtandaoni, hifadhi namba ya uthibitisho na upige picha ya skrini. Kisha angalia barua pepe hadi upate ujumbe kwamba ombi limekubaliwa, kwa sababu kutuma na kukubaliwa ni mambo mawili. Ombi likirudishwa, mara nyingi ni jina lisilolingana na lile lililo Social Security, jambo la kawaida kwa wenye majina matatu au manne ambayo kila ofisi imeyapanga kivyake. Rekebisha na utume tena siku hiyo hiyo.

Kama ulilipa chochote pamoja na ombi, kiandike mahali utakapokiona mwezi wa kumi. Kitaingia kwenye Jedwali la 3 (Schedule 3) la Fomu 1040, mstari wa 10. Ukisahau kukiandika, utajikuta unadaiwa pesa ulizokwishalipa.

Kiingereza kikikusumbua, piga IRS 833-553-9895 na uombe mkalimani wa Kiswahili. Wana huduma ya wakalimani kwa simu, haina malipo. Vituo vya VITA navyo, ambako watu wa kujitolea huwatayarishia ritani bure wenye kipato cha chini na wasiokizungumza Kiingereza vizuri, vinaweza kukusaidia, ingawa wiki ya mwisho kabla ya 15 Aprili foleni yake ni ndefu.

Hatua ya 5: Usisahau jimbo

Fomu 4868 ni ya serikali kuu. Majimbo yana sheria zake. Ukiwa Texas, Florida, Tennessee au Washington, mshahara wako hautozwi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo ruka sehemu hii. California na Minnesota hukupa miezi sita bila kujaza fomu yoyote. New York wanataka fomu yao, IT-370. Mahali pengine nyongeza ya serikali kuu inakubaliwa. Nenda kwenye tovuti ya idara ya mapato ya jimbo lako na uangalie mambo mawili: kama kuna fomu, na kodi ya jimbo inatakiwa lini. Hiyo ya pili karibu kila mahali jibu lake ni Aprili.

Yapo pia mambo ambayo 4868 haiyasogezi. Malipo ya robo ya kwanza ya mwaka mpya kwa waliojiajiri bado ni ya 15 Aprili, hivyo mwenye 1099 siku hiyo ana madeni mawili. Kuweka pesa kwenye akaunti ya kustaafu ya IRA kwa mwaka uliopita nako kunaishia siku hiyo.

Kuna la wenye akaunti za benki nyumbani. Kama jumla ya akaunti zako zote zilizo nje ya Marekani, tuseme moja Nairobi na nyingine Dar es Salaam, ilizidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, unatakiwa kuwasilisha FBAR, taarifa ya akaunti za nje. Hiyo haipitii IRS pamoja na ritani, inapelekwa mtandaoni FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha kinachofuatilia uhalifu wa kifedha. Mwisho wake ni 15 Aprili, ila nyongeza ya hadi 15 Oktoba hutolewa yenyewe bila kuombwa. Wengi hawajui kama ipo, na adhabu zake ni kali kuliko zote nilizotaja hapa.

Kama uko nje ya Marekani

Raia au mkazi wa Marekani ambaye siku ya mwisho anaishi nje ya Marekani na Puerto Rico, na kituo chake kikuu cha kazi kiko huko nje, anapata miezi miwili bila kuomba, hadi 15 Juni, ya kuwasilisha na ya kulipa. Riba inaendelea kuhesabiwa tangu Aprili. Anachotakiwa ni kuambatisha maelezo kwenye ritani yake kuonyesha alivyostahili. Akitaka kufika Oktoba, anatuma Fomu 4868 kabla ya 15 Juni na kutia alama mstari wa 8.

Angalia vizuri maneno hayo: anaishi na anafanya kazi nje. Kwenda Mombasa kwa harusi mwezi wa tatu na kurudi mwezi wa tano hakukufanyi kuwa nje ya nchi kwa maana hii, kama kazi na makazi yako yako Ohio. Wewe tarehe yako ni ile ile ya Aprili, na Direct Pay inafunguka hata kwenye simu.

Hatua ya 6: Oktoba

Huna haja ya kusubiri 15 Oktoba. Karatasi iliyokosekana ikifika mwezi wa sita, wasilisha mwezi wa sita, kwa kuwa riba na ile asilimia 0.5 zinaendelea kila mwezi unaokaa na deni. Kama mwajiri wa zamani hakukutumia W-2 kabisa, IRS wana Fomu 4852 ya kuijazia mahali pake kwa kutumia stabu za mshahara.

Baada ya Oktoba hakuna nyongeza ya pili kwa mtu anayeishi Marekani. Aliyeomba nyongeza akapitisha tarehe hiyo anaanza kuhesabiwa ile asilimia 5 kuanzia Oktoba, sio Aprili. Kwa hiyo ukichelewa kwa siku mbili tatu bado una sababu ya kukimbia. Ukiwasilisha ndani ya mwezi wa kwanza unatozwa mwezi mmoja, na mwezi wa pili huanza 16 Novemba. Kama miaka mitatu iliyotangulia hukuwa na adhabu, ritani zako zote zimewasilishwa, na deni umelilipa au umelipangia malipo, piga simu uombe msamaha wa adhabu ya mara ya kwanza. Mara nyingi hutolewa kwa simu hiyo hiyo.